Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vita ya Pasifiki na amani yake, kuanzia Pearl Harbor mpaka San Francisco

Haya maswali nimeyajibu vipande vipande kwa miaka, kwa watu tofauti, mengine usiku wa manane na simu ina asilimia 4, sasa nimeamua kuyaweka pamoja niwe namtumia mtu linki tu basi. Mimi ni mtu wa Mombasa, siyo profesa, nimesoma tu sana na nimekaa karibu na bandari maisha yangu yote, kwa hiyo utaniona narudi kwenye meli na mafuta kila mara, nivumilie. Kama umekuja kwa ajili ya stori ya Kilindini, bandari yetu hapa Mombasa, ruka mpaka katikati, sitanuna.

Vita ya Pasifiki ni ipi? Si ndiyo Vita Kuu ya Pili hiyohiyo?

Ndiyo hiyohiyo, upande wa mashariki. Sisi shuleni tulikaririshwa Hitler na Poland 1939, ule upande mwingine ukapewa mistari miwili tu, Pearl Harbor na Hiroshima. Katikati ya hiyo mistari miwili kuna karibu miaka minne ya vita iliyosambaa kutoka Hawaii hadi mlangoni mwa India, na kutoka visiwa vya baridi kali vya Aleutian kule Alaska hadi mji wa Darwin kaskazini mwa Australia ambao ulipigwa mabomu Februari 1942. Tarehe rasmi ni 7 Desemba 1941 mpaka 2 Septemba 1945, ila muulize Mchina, atakwambia kwao ilianza Julai 1937, na ana haki yake kusema hivyo.

Kitu cha kwanza cha kuweka kichwani ni umbali. Mombasa mpaka Mumbai, safari ambayo manahodha wetu wa majahazi walingoja kusi ndiyo watweke, ni kama kilomita 4,400. Tokyo mpaka Honolulu inapita 6,000. Na huko katikati hakuna sheli.

Japani iliwaza nini kuivamia nchi kubwa kama Marekani?

Mafuta. Najua watu wanapenda kusikia habari za samurai na heshima na kujitoa mhanga, na hayo yalikuwepo, lakini anza na mafuta. Japani ilikuwa imekwama China tangu 1937, ndani ya China haitoki na wala haimalizi, na wakati huohuo kama asilimia 80 ya mafuta yake yalikuwa yanatoka Marekani kwenyewe. Julai 1941 ikaingiza jeshi kusini mwa Indochina ya Wafaransa (Vietnam, Laos na Kambodia za leo), rais Roosevelt wa Marekani akazuia mali zao zote na mafuta yakakatika. Akiba waliyokuwa nayo isingefika hata miaka miwili ya vita. Sasa una njia mbili, ama utoke China kwa aibu, ama ukachukue mafuta ya Waholanzi kule Sumatra na Borneo kwa nguvu, na njiani kuelekea huko kuna Singapore ya Mwingereza na Ufilipino ya Mmarekani. Wakachagua ya pili.

Na siyo kwamba hawakujua. Admirali Yamamoto Isoroku aliyepanga shambulio la Pearl Harbor, ile bandari ya manowari za Marekani kule Hawaii, alikuwa amesoma Harvard na akafanya kazi ubalozini Washington, aliviona viwanda vyao kwa macho yake. Alimwambia waziri mkuu Konoe kwamba miezi sita au mwaka atawatimua mbio, baada ya hapo hana uhakika wowote. Hesabu mwenyewe, Desemba 1941 mpaka Juni 1942 ni miezi mingapi. Tutafika.

Kwa hiyo mpango wao wa kushinda ulikuwa upi?

Hapa panahitaji kurudi nyuma kidogo. 1904 mpaka 1905 Japani ilipigana na Urusi, Warusi wakatuma manowari zao kutoka Ulaya kuzunguka nusu ya dunia, zingine zikapita rasi ya kusini ya Afrika kabisa, zikapiga kambi wiki nyingi hapo Nosy Be, Bukini (Madagaska), jirani zetu hawa, mabaharia wakaugua na kukata tamaa, halafu zikaenda kumalizwa na Admirali Togo pale Tsushima, karibu na Japani, Mei 1905 kwa siku mbili tu. Baada ya hapo watu wakakaa mezani Portsmouth, Marekani, mkataba ukasainiwa Septemba mwaka huohuo.

Somo hilo jeshi la majini la Japani lililikariri kama msahafu: adui anatoka mbali, anafika amechoka, unampiga pigo moja kubwa, mnakaa mezani. Mpango wa 1941 ni huohuo uliokuzwa. Chukua haraka kila unachotaka, zungushia ukuta wa visiwa, Mmarekani akija mpunguze njiani kwa ndege na nyambizi, kisha pambano moja la mwisho, naye atasema hivi visiwa vya minazi vina faida gani kwetu, wacha tuongee.

Shida yake iko wazi ukiangalia. Mpango mzima ulitegemea adui achoke, halafu umeanza kwa kumpiga Jumapili asubuhi kabla hujamtangazia vita. Mtu wa hivyo hachoki. Yaani waliandaa vita vizuri mno na ile amani ya baada ya vita wakamwachia adui awaandalie.

Pearl Harbor ulikuwa ushindi au kosa?

Kwa siku ile ushindi. Manowari sita za kubeba ndege, ndege kama 350 kwa mawimbi mawili, manowari kubwa zote nane zikaguswa na nne zikazama, Wamarekani 2,403 wakafa. Lakini manowari za kubeba ndege za Marekani hazikuwepo bandarini siku hiyo, na karakana za kukarabati meli hazikuguswa, wala yale matangi ya mafuta yenye kama mapipa milioni 4.5. Mtu yeyote aliyewahi kuona bandari ikikosa mafuta wiki moja ataelewa kwa nini hilo la matangi linaniuma hata mimi nisiyehusika. Na kina cha maji pale ni kifupi, kwa hiyo kati ya zile kubwa nane, sita zilirudi kazini baadaye.

Walifika mpaka wapi?

Mbali sana na kwa kasi. Siku tatu baada ya Pearl Harbor walizamisha manowari Prince of Wales na Repulse za Mwingereza kwa ndege peke yake, Hong Kong ikaanguka siku ya Krismasi, Singapore 15 Februari 1942 huku Jenerali Percival akienda kusalimu amri chini ya bendera nyeupe, Indonesia ya Waholanzi mwezi Machi, Ufilipino ikamalizika Mei. Kilichokuwa kinaitwa ukuu wa mzungu Asia kilivunjika kwa miezi mitano, na hata Mjapani aliposhindwa baadaye hakikurudi tena kama kilivyokuwa.

Midway ndiyo iliyoamua vita?

Iliamua kwamba Japani haitashinda haraka, na kwa kuwa Japani haikuwa na uwezo wa kushinda polepole, basi unaweza kusema ndiyo. Lakini nisikudanganye, ningekuwa nabishana na mtu barazani ningesema Guadalcanal.

Stori ya Midway, kituo cha Wamarekani kwenye visiwa vidogo katikati ya Pasifiki, yenyewe ni tamu. Wamarekani walikuwa wanasoma sehemu ya misimbo ya Wajapani, wakawa wanaona shambulio linakuja mahali panapoitwa "AF", kikosi cha Joseph Rochefort kule Hawaii kikaamini AF ni Midway ila wakubwa Washington wanasita. Wakafanya ujanja, wakaagiza Midway itangaze kwa redio, bila msimbo, kwamba mtambo wao wa maji umeharibika. Baada ya muda mfupi wakanasa ujumbe wa Kijapani ukisema AF ina uhaba wa maji. Basi. Tarehe 4 Juni 1942 ndege za Marekani zikazikuta manowari za kubeba ndege za Japani, Akagi, Kaga na Soryu, zikiwa na ndege na mabomu ndani, ndani ya dakika chache zote tatu zinawaka, jioni ikafuata Hiryu. Marekani ikapoteza moja, Yorktown. Miezi sita tangu Pearl Harbor, kama Yamamoto alivyosema.

Guadalcanal ni Agosti 1942 mpaka Februari 1943, kisiwa cha malaria na matope ambacho pande zote mbili zilimwaga meli, ndege na marubani. Hapo ndipo Japani ilipoanza kumaliza marubani wake wazoefu bila ya kuwa na mfumo wa kufundisha wapya kwa wingi, na huku Marekani viwanda vimeanza kutema, zile manowari za kubeba ndege za aina ya Essex zilijengwa 24 kwa jumla, na ndogo za aina ya Casablanca zikafika 50 peke yake. Hamsini! Wewe una nne zimezama na mwenzio analeta hamsini.

"Kuruka visiwa" maana yake nini? Kwa nini wasishambulie kila kisiwa?

Kwa sababu haina haja. Hili ndilo wazo ninalolipenda zaidi kwenye vita nzima. Kisiwa chenye askari elfu moja au laki moja, kama hakipati chakula, mafuta wala ndege, hicho ni jela ambayo wafungwa wanajilinda wenyewe. Rabaul huko kisiwa cha New Britain ilikuwa na Wajapani kama laki moja, ngome ya kutisha, mahandaki na kila kitu. Marekani na Australia wakapita pembeni, wakachukua visiwa vya kuizunguka na kujenga viwanja vya ndege, Rabaul ikabaki hapo inalima mboga mpaka vita ikaisha. Ngome ya Truk vilevile, waliipiga kwa ndege Februari 1944 wakaendelea na safari.

Unachotafuta ni kisiwa chenye sehemu ya kutua ndege au ghuba ya kuegesha meli. Unachukua hicho, vikosi vya wajenzi vinashuka na matingatinga, uwanja unajengwa, ndege zinapata eneo jipya la kuruka, unasogea tena. Ulithi ni mfano mzuri, kamzunguko ka matumbawe ambako hakuna mtu alikuwa anakajua, 1944 kakawa bandari kubwa inayoelea yenye meli za mafuta, za karakana, za maji ya kunywa, mpaka jahazi la kutengeneza aiskrimu. Mjapani anajilimia mboga Rabaul na mwenzake analamba aiskrimu katikati ya bahari, hapo unajua mshindi ni nani.

Njia zilikuwa mbili: Jenerali MacArthur akipita New Guinea kuelekea Ufilipino, Admirali Nimitz akipita katikati ya Pasifiki kwenye visiwa vya Gilbert, Marshall, Mariana. Vitabu vinasema ni mkakati wa kumchanganya adui. Kiukweli sehemu kubwa ni kwamba jeshi la nchi kavu na la majini hawakukubaliana nani awe bosi, ila bahati yao walikuwa na mali ya kutosha kulipia huo ugomvi, na Mjapani kweli akachanganyikiwa.

Siyo kila mahali walikwepa. Tarawa, Novemba 1943, mtu wa pwani akisoma anashika kichwa. Walipanga kutua kisiwa cha Betio siku za maji mafu, bahari haikujaa ya kutosha juu ya mwamba, mashua zikakwama mbali na ufuo, vijana wakashuka wakatembea mamia ya mita kifuani maji na bunduki za rashasha zinawangoja. Kama 1,000 wa Marekani walikufa kwa siku tatu kwa kisiwa ambacho unakizunguka kwa miguu asubuhi moja. Walinzi Wajapani walikuwa maelfu, askari waliokamatwa hai ni 17. Baada ya hapo walianza kuchunguza maji kwa makini, wakatuma waogeleaji kupima miamba kabla. Mvuvi yeyote wa Lamu angewaambia bure, ngojeni bamvua.

Na nyambizi?

Watu huzisahau na ndizo zilizokaba koo. Wanamaji wa nyambizi za Marekani walikuwa chini ya asilimia 2 ya jeshi lao la majini, na walizamisha zaidi ya nusu ya meli za mizigo za Japani zilizozama. Na hiyo ni pamoja na kwamba mpaka mwishoni mwa 1943 topido zao zilikuwa mbovu, zinapiga meli haziripuki, wakubwa wanawalaumu makapteni. Japani ilikwenda vitani kwa ajili ya mafuta ya Sumatra, ikayapata, halafu haikuweza kuyafikisha nyumbani. Nyambizi zake yenyewe zilikuwa nzuri lakini zilifundishwa kuwinda manowari, ile ndoto ya pambano kubwa, siyo kuwinda meli za mchele.

Afrika Mashariki tulihusika vipi? Hii si vita ya huko mbali?

Sasa tumefika kwetu. Aprili 1942 manowari za Kijapani, nyingi ni zilezile za Pearl Harbor, ziliingia Bahari ya Hindi, zikapiga Colombo siku ya Pasaka na siku chache baadaye Trincomalee, zikazamisha Hermes ya kubeba ndege pamoja na manowari Cornwall na Dorsetshire. Admirali Somerville wa Mwingereza akaona hapa hapakaliki, akahamishia meli zake za mwendo wa polepole Kilindini. Yaani kwa muda Mombasa ndiyo ilikuwa mgongo wa Mwingereza kwenye bahari yote hii.

Walikuja pia na watu wao wa kuvunja misimbo, wakawekwa shule ya Allidina Visram, ile inayoangalia bahari. Humo ndani, 1942 hiyohiyo, wakaufungua msimbo wa meli za biashara za Kijapani, unaojulikana kama JN-40, wakawa wanajua meli gani inapita wapi. Nimesimama nje ya ule ukuta mara nyingi, hakuna anayejua, watu wanapita na vikapu vya mahamri.

Hofu ya Mwingereza ilikuwa Bukini. Kisiwa kilikuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, ile serikali iliyoshirikiana na Hitler, na Mjapani akiweka nyambizi bandari ya Diego Suarez kaskazini mwa kisiwa, njia ya meli kutoka rasi ya kusini kwenda Misri na India inakatika. Ndiyo wakaivamia 5 Mei 1942. Na hofu haikuwa ya bure, kwani mwisho wa mwezi huohuo kijinyambizi cha Kijapani cha watu wawili kiliingia ghuba ya Diego Suarez kikaipiga manowari Ramillies ya Mwingereza. Baadaye askari wa KAR (King's African Rifles), keya kama wazee walivyowaita, walipelekwa kumalizia kazi kule mpaka Wafaransa waliposalimu amri Novemba.

Lililo chungu zaidi ni Khedive Ismail. Meli iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Ceylon (Sri Lanka ya leo, kwenye Colombo na Trincomalee) imebeba zaidi ya watu 1,500, wengi wao vijana wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili, ikazama kwa dakika chache sana, watu wengi walikuwa chini wakiangalia tamasha la muziki. Walikufa 1,297. Manowari mbili za Mwingereza zikaisaka ile nyambizi mpaka ikazama nayo. Sisi huku hatuna hata shairi moja linalojulikana kuhusu hao watu.

Na Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw msimu wa mvua 1944, mahali pa malaria na matope, ikasukuma hadi mto Chindwin ambako daraja refu lilijengwa Kalewa mwezi Desemba. Walikuwemo Wakenya, Watanganyika, Waganda na Wanyasa (Wamalawi wa leo), na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China kwenye Mau Mau, alikuwa askari huko Burma. Alichojifunza msituni hakukirudisha stoo.

Kongo nayo msiisahau. Sehemu kubwa ya urani ya Manhattan, mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, mahali ambapo wachimbaji walikuwa wanaongea Kiswahili. Mkurugenzi wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, alikuwa ameshahamishia zaidi ya tani 1,000 za mawe New York tangu 1940, yamekaa ghalani Staten Island yanangoja.

Ni bomu la atomiki lililomaliza vita au ni Warusi?

Swali la kugombanisha watu. Msimamo wangu ni vyote viwili, ndani ya siku nne. Wakubwa wa Tokyo walikuwa na matumaini mawili, la kwanza Mmarekani akivamia Japani yenyewe atamwaga damu nyingi akubali masharti, la pili Stalin awe mpatanishi. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima, tarehe 8 Stalin anatangaza vita, tarehe 9 Nagasaki. Matumaini yote mawili yameondoka. Na kabla ya hapo miji ilishaungua, usiku mmoja wa Machi Tokyo peke yake walikufa takribani laki moja kwa mabomu ya moto, na kisiwa cha Okinawa kilikuwa kimepoteza raia wengi mno.

Hata hivyo baraza liligawanyika, mfalme Hirohito akaamua, usiku wa 14 maofisa vijana wakajaribu kupindua ili kuzuia tangazo lisisomwe, wakashindwa. Mchana wa 15 sauti ya mfalme ikasikika redioni kwa mara ya kwanza, kwa Kijapani cha ikulu ambacho wengi hawakukielewa vizuri, akisema hali ya vita haikwenda kwa faida ya Japani, hivyo tu, neno kusalimu amri hakulitaja.

Sherehe ya kusaini ilikuwaje?

Fupi. 2 Septemba, juu ya manowari Missouri, ghuba ya Tokyo. Waziri wa mambo ya nje wa Japani, Shigemitsu, alipanda na mguu wa bandia, Percival wa Singapore alisimamishwa nyuma ya MacArthur akiwa ametoka kifungoni amekonda. Mjumbe wa Kanada akasaini mstari usio wake kwenye nakala ya Wajapani, ikabidi irekebishwe kwa kalamu. Hata vita kubwa inaishia kwenye fomu iliyojazwa vibaya.

Kwa nini mfalme hakushtakiwa?

Kwa sababu MacArthur aliona anamhitaji kuitawala nchi kimya kimya, bila yeye ingebidi alete askari wengi zaidi. Mahakama ya Tokyo ilikaa 1946 mpaka 1948, washtakiwa 28, saba wakanyongwa akiwemo Tojo, waziri mkuu wa wakati wa vita. Jaji Pal wa India akaandika hukumu yake ndefu akisema washtakiwa wote hawana hatia kisheria kwa kuwa washindi wanahukumu walioshindwa. Simkubali yote ila swali lake la nani anahukumu mabomu ya washindi halijajibiwa.

Ni kweli katiba ya Japani iliandikwa na Wamarekani?

Rasimu ndiyo, watu wa MacArthur waliiandika kwa kama wiki moja Februari 1946, Bunge la Japani likaijadili na kubadili sehemu, ikaanza kazi 3 Mei 1947. Ibara ya 9 inakataa vita. Wanawake walipiga kura Aprili 1946 na 39 wakaingia bungeni, wakulima waliokuwa wapangaji wakapewa ardhi. Jeshi lilirudi kwa jina lingine 1954, Vikosi vya Kujilinda. Kila mtu anajua ni jeshi.

Basi amani ilisainiwa lini?

San Francisco, 8 Septemba 1951, miaka sita baadaye, ikaanza kazi 28 Aprili 1952. Hapa ndipo ningependa watu wakae kidogo maana kila mtu anaishia Missouri.

Kufikia 1951 vita baridi imeshapamba moto, Korea inapigana, Wakomunisti wameshika Beijing. Marekani haitaki tena kumwadhibu Mjapani, inamtaka awe rafiki mwenye viwanda na bandari. Kwa hiyo mkataba ulioandaliwa na John Foster Dulles ulikuwa laini, fidia kidogo, hakuna masharti ya kudhalilisha. Mjumbe wa Ceylon, J. R. Jayewardene, alisimama akanukuu maneno ya Buddha kwamba chuki haiishi kwa chuki, akasema nchi yake haidai fidia, na Wajapani wanamkumbuka mpaka leo. Ceylon, ileile iliyopigwa mabomu siku ya Pasaka.

Sasa angalia viti vitupu. China, iliyopoteza mamilioni ya watu, haikualikwa, si ya Beijing wala ya Taipei (Taiwan), kwa sababu Marekani na Uingereza hawakukubaliana ipi ndiyo China. Korea hakuna, ya kusini wala ya kaskazini. India na Burma walialikwa wakakataa kuja. Warusi walikuja, wakagoma kusaini pamoja na Poland na Chekoslovakia. Na jioni ya siku hiyohiyo waziri mkuu Yoshida akasaini mkataba mwingine wa kuruhusu kambi za Marekani zibaki.

Mkataba ulisema Japani inaacha Taiwan, inaacha visiwa vya Kuril kaskazini yake, lakini haukusema inamwachia nani. Chukua ramani ya ugomvi wa leo kule, Taiwan, Kuril, kile kisiwa cha mawe kati ya Korea na Japani, visiwa vya Senkaku ambavyo China nayo inavidai, halafu uweke juu yake orodha ya waliokosa kusaini. Zinalingana kiasi cha kutisha. Mtu asiyeitwa kwenye kikao cha kugawa urithi hanyamazi, tunajua hilo kwenye familia zetu.

Japani ililipa fidia?

Kidogo kidogo, na nchi moja moja. Burma 1954, dola milioni 200, Ufilipino 1956, milioni 550, Indonesia 1958, kama milioni 223, nyingi kwa njia ya bidhaa na kazi, ambayo kwa ujanja ikawa inawafungulia viwanda vya Japani masoko upya. Korea Kusini 1965 ilipata milioni 300 za msaada na milioni 200 za mkopo, wanafunzi waliandamana Seoul wakisema damu imeuzwa rahisi. Suala la wanawake waliolazimishwa utumwa wa kingono na jeshi halikutajwa kabisa kwenye makubaliano hayo, ndiyo maana linarudi kila miaka michache. Beijing yenyewe ilisamehe fidia 1972 walipofungua uhusiano wa kibalozi.

Kuna nchi ambazo bado hazijafanya amani?

Urusi na Japani. 1956 walitangaza hali ya vita imekwisha, lakini mkataba wa amani hakuna mpaka leo kwa sababu ya visiwa vinne kusini mwa Kuril. Okinawa yenyewe ilibaki mikononi mwa Wamarekani mpaka 15 Mei 1972. Na kuna Luteni Onoda aliyekaa msituni kisiwa cha Lubang, Ufilipino, mpaka Machi 1974, akatoka tu pale kamanda wake wa zamani alipopelekwa kumpa amri ana kwa ana.

Na wenyeji wa hivyo visiwa, nani aliwauliza?

Hakuna. Vita ilipigwa uani kwao, wakabebeshwa mizigo, wakapigwa na kila upande, halafu amani ikaja na udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Marekani 1947. Watu 167 wa Bikini walikuwa wameshahamishwa 1946 wakiambiwa ni kwa muda. Marekani ilifanya majaribio 67 ya nyuklia kwenye visiwa vya Marshall mpaka 1958. Palau ilipata uhuru wake 1994, mwaka ambao Mandela aliapishwa. Visiwa vya Solomon mabomu yaliyozikwa bado yanaua watu wanaowasha moto wa kupikia juu yake.

Kuna mahali huku naweza kwenda kuona chochote?

Allidina Visram ipo, ni shule inaendelea na kazi, omba ruhusa getini kistaarabu. Ukiwa Nairobi nenda makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, ndani yake kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi linalojulikana, waliokufa Bukini, na wale wa Khedive Ismail. Nenda asubuhi kabla ya jua kali. Majina yao yako pale, utayasoma na mengine utayatambua ukoo wake.